Vichwa Vilikuwa Viwili

Bulumbi, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Adongo,

Nakuandikia mchana huu nikiwa mezani, wewe umetoka kwenda kuwaaga watu. Hujazoea kupata barua kutoka kwangu, kwa sababu tunaishi chini ya bati moja na kila neno ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu. Juzi tulipokuwa tukichambua maharage nilijaribu, na jana tena uliponisaidia kukunja blanketi. Neno linafika kooni, halafu najisikia nikisema, "Umekumbuka sabuni?" Basi nimechukua karatasi.

Habari za sabuni, za viatu, za kulishika sanduku vizuri pale stesheni ya Tororo, hizo Baba yako amekuambia mara tatu, na shangazi zako wameongeza za kwao. Mimi siziongezi. Wewe una akili. Mtu aliyechaguliwa kusomea uuguzi hawezi kushindwa kupanda treni.

Nataka kuanza na ile siku ya wiki tatu zilizopita. Barua ya shule ya wauguzi ilikuwa imefika, ukatusomea orodha ya vitu. Kule Eldoret ni baridi, wakaandika mwanafunzi aje na sweta na kofia ya sufu. Ulisoma mpaka hapo ukaniangalia. Ukasema, "Mama, watu wanasema wewe ulikuwa unafuma vizuri kuliko wote misheni. Nifumie wewe kofia."

Nikakujibu, "Nenda dukani kwa Mhindi, zipo."

Ukasema, "Sawa, Mama." Ulisema kama mgeni anavyosema akiambiwa chai imekwisha. Kesho yake ukaenda Busia ukanunua ile ya kijani, ukaiweka sandukuni bila kunionyesha. Niliiona mwenyewe.

Tena najua ulimwambia nini binti wa shangazi yako siku ile mlipokuwa mkifua. Sikukusudia kusikiliza, nilikuwa nyuma ya nyumba na kuku. Ulisema, "Mama hanichukii. Ila ananitunza kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa." Mwenzako akacheka, akakuambia wewe unapenda kujihurumia. Wewe hukucheka. Nami nikasimama pale na mahindi ya kuku mkononi mpaka kuku wenyewe wakaanza kunidai.

Ulisema kweli, mwanangu. Lakini sababu huijui, na siyo uliyoifikiri.

Unajua ulizaliwa pacha. Unajua mwenzako aliitwa Apio, alitangulia kutoka, na alikufa mkiwa na miezi minne. Tulikuambia alikufa kwa homa. Hiyo ni kweli, ila ni kweli ya nusu, na nusu ya pili nimeizuia miaka kumi na minane kama mtu anayeshikilia mlango kwa mgongo.

Mimi nilijifunza kufuma wakati wa vita vya Hitla. Askari wetu walikuwa wakipelekwa huko kwenye milima ya Uhabeshi, na ikasemekana kuna baridi ya kuua mtu. Bibi wa misheni, yule Mzungu, akatukusanya wanawake kwenye baraza ya kanisa tufume kofia za kuwafunika kichwa na masikio. Tulikuwa kumi na wawili. Sindano za kufumia hazikutosha, kwa hiyo wengi wetu tulitumia njiti za gurudumu la baiskeli, tumezinoa kwenye jiwe mpaka zikateleza. Uzi ulikuwa wa rangi ya udongo, unanuka kondoo mvua ikinyesha.

Nilikuwa na rafiki, Debora, unamfahamu, huyu huyu wa karibu na kisima. Yeye vitanzi vilimshinda. Kofia yake ya kwanza ilitoka kubwa, bibi akaiinua juu, akauliza hii ni ya nani. Debora akasema, "Ni ya askari mwenye mawazo mengi." Tulicheka mpaka bibi naye akacheka, ingawa Kiswahili chake hakikufika huko.

Mimi vitanzi havikunishinda. Sijui ni kwa nini. Mikono yangu ilielewa kabla mimi sijaelewa. Ukifuma, kila kitanzi lazima kifanane na mwenzake, usikaze kimoja na kulegeza kingine, maana ukilegeza kofia inafanya tumbo, na ukikaza haipiti masikioni. Vyangu vilifanana kama punje za mahindi. Bibi akawa anachukua kofia yangu na kuipitisha kwa wengine waione. Akanifundisha na kulabu, ile sindano moja yenye ndoano, ya kumalizia ukingo. Mwisho akanifundisha suka. Suka ni pale vitanzi vinapopishana, vya kulia vinapita juu ya vya kushoto, mpaka kofia inaonekana kama kichwa cha msichana aliyesukwa nywele. Hakuna mwingine pale barazani aliyeiweza. Nilikuwa nimesoma madarasa manne tu, ng'ambo ya Kenya kwa mjomba, na sikuwa nimewahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Nataka uelewe hilo. Sisemi ili unihurumie. Nasema ili ujue lilikotoka.

Katika miaka hiyo hiyo niliokoka. Hilo sijutii, na mpaka leo nikifumba macho namshukuru Mungu. Lakini tulikuwa wapya katika wokovu, na mtu mpya hupenda kuonekana. Jumapili baada ya ibada tulibaki kutoa ushuhuda, kila mmoja anasimama kusema Bwana amemtoa wapi. Mmoja amevunja chungu cha pombe, mwingine amevua hirizi ya mtoto akaitupa chooni. Mimi sikuwa na chungu wala hirizi. Nilikuwa nasimama nasema nilimkasirikia jirani, nakaa. Hakuna aliyekumbuka ushuhuda wangu hata kufika mlangoni.

Halafu nikazaa ninyi.

Unajua mapacha huku kwetu wana mambo yao. Akija mgeni na kuku, aje na wawili. Ukimnyonyesha mmoja, mwingine asisahauliwe akalia. Nguo ikinunuliwa, zinunuliwe mbili, siku moja. Nyanya yako, mama wa Baba yako, aliyashika haya kwa mikono miwili. Yeye Msamia, mimi Mpadhola, tulikutana katika Kiswahili, na chake kilikuwa kile cha sokoni, kifupi, hakina mapambo. Baba yako alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba Tororo, anakuja nyumbani mara moja kwa wiki mbili. Kwa hiyo tulikuwa sisi wawili na ninyi wawili.

Ngoma za mapacha nilikataa, na Baba yako aliniunga mkono. Nyanya yako alinung'unika akaacha. Lakini hizo mbili-mbili hakuacha. Akipika uji wangu analeta vikombe viwili. Nikimuuliza wa nini, anasema, "Wewe kunywa. Mtoto mbili nakunyonya."

Mkiwa na miezi mitatu na kitu, masika yakaanza, na mwaka ule yalikuwa mabaya. Maji yalisimama uwanjani, kuni zote mbichi. Wakati huo tulikuwa tumemaliza kofia za askari, zimefungwa kwenye magunia zimeondoka. Bibi wa misheni akaniita akanipa uzi uliobaki. Haukuwa ule wa rangi ya udongo, ulikuwa mweupe, laini, alikuwa ameletewa kutoka kwao. Akasema, "Hizi ni kofia za watoto wako."

Ulitosha kofia mbili, Adongo. Nataka kuandika hivyo waziwazi. Ulitosha mbili, ndogo, za kufuma wazi bila pambo.

Nikaanza ya kwanza. Nikafuma ukingo, nikafika mahali pa kuanza kupanda, na mkono ukataka suka. Nikajiambia nitaweka moja tu, mbele. Nikaweka moja, ikapendeza, nikaweka na pembeni. Suka inakula uzi kuliko unavyodhani, maana kila kitanzi kinasafiri njia ndefu kufika kwa mwenzake. Nilikuwa naliona donge linapungua. Mtu asikuambie kuwa hakuliona. Nilikuwa naliona, na nilikuwa naendelea.

Kofia ilipokwisha, ilikuwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza kwa mikono hii. Uzi uliobaki ungejaa kwenye kiganja. Nyanya yako akaja akaiangalia kofia, akauangalia uzi. Hakuisifu.

Akasema, "Fumua."

Nikasema, "Mama, nimeifanyia kazi siku sita."

"Fumua. Uzi ni ile ile. Fanya mbili ndogo, hapana maua."

Hilo ndilo jambo ambalo asiyefuma hawezi kulijua. Kofia ni kamba moja. Ukikata fundo la mwisho na kuvuta, yote inarudi kuwa uzi, hakuna kilichopotea ila siku zako. Siku sita. Ningevuta jioni ile, na wiki iliyofuata kungekuwa na kofia mbili. Hakuna kitu duniani kilicho rahisi kurekebisha kama kufuma kulikokosewa. Nami sikuweza kuvuta uzi ule, maana kesho ilikuwa Jumapili na nilitaka bibi aone suka.

Lakini mtu hajiambii hivyo. Sikujiambia kwamba naionea huruma kazi yangu. Nilisimama mbele ya yule mama mzee nikamwambia, "Mama, hayo ya mbili-mbili ni mambo ya mizimu. Mimi nimeokoka. Siogopi mapacha." Na mara nilipolisema, nikaliamini. Likaingia mahali pake kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Nyanya yako akaokota ukuni. Akasema, "Mimi hapana sema mizimu." Akaenda zake kuangalia moto.

Jumapili tukaenda kanisani, mmoja wenu na kofia nyeupe, mwingine nimemfunga kitambaa cha pamba. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika. Wakati wa ushuhuda nikasimama, nikawainua ninyi wawili juu ili watu waone. Nikasema, "Ndugu, mnaona mapacha hawa. Mmoja ana kofia, mwingine hana. Kwetu wanasema ukifanya hivi mapacha watakasirika. Mimi nimefanya makusudi, ili shetani aaibike." Kanisa lilipiga makofi, mwanangu. Mchungaji alifuta macho. Bibi wa misheni hakuelewa yote, lakini aliitazama kofia akatabasamu. Kwa mara ya kwanza watu walinifuata nje kunishika mkono. Debora peke yake alinivuta pembeni, akaniambia, "We, huyo wa kitambaa mfunike na kanga yako, mvua inakuja." Nikamwambia mvua ni ya Bwana.

Ilitukuta katikati ya njia. Hapakuwa na pa kujibanza. Kitambaa cha pamba kikilowa kinakuwa baridi kama chuma. Sufu hata ikilowa inatunza joto, ndiyo maana tuliwafumia askari. Mimi ndiye niliyewafundisha wengine hilo pale barazani, nikiyarudia maneno ya bibi kama kasuku. Nililijua njia nzima.

Jumatatu Apio alikohoa. Jumanne akaacha kunyonya. Jumatano tukampeleka dispensari, Nyanya yako na mimi, tunapokezana kumbeba. Msaidizi wa daktari akamsikiliza kifua, akatupa dawa, na hakutuangalia usoni. Alhamisi alfajiri alikufa mikononi mwa Nyanya yako, mimi nikikunyonyesha wewe.

Ninajua sasa, na wewe utajifunza vizuri zaidi huko uendako, kwamba mtoto mchanga anaweza kupata ugonjwa wa kifua hata akiwa amefunikwa blanketi tano. Debora ameniambia, na Baba yako ameniambia. Inawezekana Apio angekufa tu. Sitajua. Siandiki barua hii kukuambia kwamba kofia ilimuua. Nakuandikia kukuambia kwamba nilikuwa na uzi wa vichwa viwili, nikaumaliza kwenye sifa zangu, halafu nikamshika Mungu mkono nikasema ni Yeye aliyetaka.

Baada ya mazishi jamaa walisema mapacha wamekasirika. Ndugu wa kanisani wakasema ni jaribu, nishikilie imani, shetani analipiza kwa sababu ya ushuhuda wangu. Pande zote mbili walinipa maelezo, na pande zote mbili hakuna aliyesema habari ya mvua. Nikachukua la kanisani, maana ndilo lililonifaa. Nilirudisha njiti na kulabu misheni, nikasema macho yananiuma. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Na wewe ulibaki na ile kofia. Ilikuwa yako, ilikutosha, na masika hayakuwa yamekwisha, kwa hiyo kila asubuhi ilinibidi nikuvishe. Nilikuwa nakuvisha nikiangalia ukutani. Hapo ndipo ilipoanzia, Adongo. Ukilia nilikupa kwa Nyanya yako. Ulipokua, nywele zako alikusuka shangazi. Nilikulisha, nilikupeleka shule, nilikesha ulipougua surua, lakini kuweka mkono wangu juu ya kichwa chako na kuuacha pale, hilo sikuliweza. Wewe ulidhani hukupendwa. Ilikuwa kwamba kila nikikuangalia naona wawili.

Sasa nikukumbushe lile ambalo hata wewe hujalisahau. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa unakwenda kwa Debora baada ya shule bila kuniambia, na yeye, Mungu ambariki, alikuwa anakufundisha kufuma kwa njia yake ile mbovu. Siku moja ukaja uwanjani na kipande cha kofia, nyekundu, kimepinda, kina matundu ya kupitisha kidole. Nyanya yako na mimi tulikuwa tunamenya karanga. Ukakinyoosha kwangu. Mimi nikakishika, nikatafuta mwisho wa uzi, nikavuta. Nikafumua yote mbele ya macho yako, mpaka ikawa lundo juu ya maganda ya karanga. Nikasema, "Hizi kazi hapana hapa nyumbani."

Hukulia mara moja. Ulisema kwanza, "Mama, ilikuwa ya kwako." Halafu ukakimbia.

Nyanya yako aliendelea kumenya karanga. Akasema bila kuniangalia, "Ya mtoto wewe nafumua mbio. Ile yako ulikataa."

Tulikuwa hatujaitaja tangu msiba, miaka tisa. Nikamwambia, "Mama, hata wewe unaamini ni mizimu ilimchukua."

Akaweka karanga chini. Akasema, "Mizimu wapi? Mimi nilisema mbili kwa sababu kichwa ilikuwa mbili. Mvua ilikuwa nyingi. Wewe ndiyo ulileta mizimu, kanisani, ukawaonyesha watu."

Akanyanyuka na ungo wake, ndivyo ilivyokwisha. Hakulirudia mpaka anakufa. Nilimuuguza mwaka mzima, na kila siku nilitaka kumwambia kwamba alikuwa na haki. Nilimwambia uji uko tayari. Nilimwambia mvua imeacha. Alikufa hajalisikia.

Ningekuwa mtu jasiri ningekutafuta jioni ile ile. Ulikuwa kwa Debora, nilijua. Badala yake nilikaa nikisubiri usahau. Ukarudi, ukala, na tangu siku hiyo hukunionyesha kitu ulichotengeneza, hata daftari la shule lenye alama nzuri ulimwonyesha Baba yako. Apio nilimpoteza kwa siku nne. Wewe nimekupoteza kidogo kidogo, ukiwa hai, ukila mezani pangu, na hapo siwezi kusema ni mvua.

Katika miaka yote hii nimetubu mengi kanisani mbele za watu. Nimetubu hasira, nimetubu kusengenya, nimetubu hata wivu wa kanga ya mtu. Hili sikulitubu, kwa sababu wao wanalikumbuka kama ushuhuda. Ndilo jambo zuri wanalonijua nalo.

Mwezi uliopita kuna mke kijana amehamia na mumewe kutoka upande wa Busitema, ana mapacha wachanga. Alisimama kanisani akasema amesikia habari za mama mmoja wa hapa aliyewashinda mizimu kwa kofia moja, naye anataka imani kama ile. Watu wakageuka wakanitazama kwa furaha. Nikainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nikamkuta anafua, watoto wako kwenye mkeka. Nikamwambia yote, kama ninavyokuandikia. Alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya maji, hakuitoa. Mwisho akaniuliza, "Na yule mwingine, aliyebaki, ulimwambia?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Basi mimi ndiye wa kwanza kusikia? Dada, hiyo si vizuri." Msichana wa miaka ishirini. Nilirudi nyumbani nimeona haya kama mtoto.

Baba yako nilimwambia juzi. Yeye alijua habari ya mvua tu. Alikaa ameshika kofia yake mwenyewe magotini, akaniuliza swali moja, kama Nyanya yako alijua. Nikasema alijua. Akasema, "Mwambie mtoto kabla hajaondoka." Hakuongeza, na mpaka leo hajaongeza. Nalivumilia hilo, ni haki yake.

Huko unakokwenda utawaona akina mama wa kila namna. Watakuja wamefunga watoto nyuzi kiunoni, watakataa hiki na kile, watasema kwetu haifanywi hivyo. Utakuwa na sare nyeupe na elimu, na itakuwa rahisi kucheka. Sikuambii uamini wanayoyaamini. Mimi mwenyewe siyaamini. Nakuomba tu usiwakatishe kabla hawajamaliza. Pengine yule mama kizee aliyekaa mlangoni pa wodi anasema mtoto anasikia baridi, na lugha aliyonayo ni hiyo tu.

Na wewe ni hodari wa mikono, Adongo. Hilo umelirithi, siwezi kulificha. Watakusifu. Siku utakapofanya kitu kizuri sana na mtu akakuambia ukirudie upya kwa sababu kuna mgonjwa mwingine, utasikia moyo unatafuta sababu ya kukataa, na sababu itakayokuja itakuwa nzuri, ya heshima, pengine ina jina la Mungu ndani yake. Mimi sikuwa na mtu wa kunionya kuhusu hilo. Aliyekuwepo nilimwita wa mizimu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Debora nikaazima sindano. Nilitaka nikufumie kofia kwa siri, niiweke sandukuni, uikute huko mbali ukilia. Nilifuma mistari minne. Mikono haijasahau, vitanzi vilikaa sawa. Halafu nikaona ninachofanya. Nilikuwa nataka tena kitu kizuri kiseme badala yangu. Nikafumua, nikamrudishia Debora uzi wake. Akasema, "Kwa hiyo miaka kumi na minane umejifunza kufumua tu." Nikamwambia ndiyo. Tukacheka, kisha hatukucheka.

Kwa hiyo hakuna kofia. Kuna barua hii, na hata barua hii sitaiweka sandukuni uisome ukiwa Eldoret, mahali ambapo siwezi kuulizwa. Nitakupa mkononi leo, kukiwa bado na mwanga, kabla hatujala. Sitakwenda jikoni. Nitakaa hapo hapo mbele yako mpaka umalize, na ukiinua macho utanikuta. Ukiwa na hasira, nipe. Ukitaka kunyamaza mpaka treni ije, nitakusindikiza ukiwa umenyamaza, na nitakuombea kwa jina lako kila asubuhi kama ninavyofanya. Kusamehewa sikuombi usiku mmoja.

Najua swali utakalouliza kwanza, maana ningekuwa wewe ndilo ningeuliza. Utauliza kwa nini nilikuvisha wewe, si yeye. Pengine umeshaanza kufikiri kwamba nilikupenda zaidi, au kwamba unaishi kwa haki yake. Usilibebe hilo kwenda nalo popote. Jibu ninalo, nimelificha kuliko yote, na ni dogo mno mpaka linatisha. Sikuchagua. Asubuhi ile mlikuwa mmelala pamoja kitandani, mimi nikiwa nimesimama na kofia, ninaogopa kuchelewa kanisani. Wewe ulikuwa upande wa karibu na mkono wangu.

Ni mimi, mama yenu, wewe na Apio.